"Alitoroka, wananchi wakamnyonga": ni sawa?

Msomaji mmoja anayetafsiri habari za zamani za Marekani kaniuliza kama sentensi yake iko sawa: "George Parrott alitoroka jela ya Rawlins, wananchi wenye hasira kali wakamnyonga."

Sarufi haina neno, shida iko kwenye maana, na inaniuma maana magazeti yetu ndo yametuzoesha kuandika hivi.

Mtu akitoroka kashaondoka, hayupo, anasakwa. Parrott, jambazi wa enzi hizo, hakufika popote. Ilikuwa Machi 1881, kule Wyoming, kashahukumiwa kifo anasubiri tarehe 2 Aprili, akakata pingu za miguuni kwa kisu kidogo na kipande cha jiwe, akampiga nazo mlinzi Robert Rankin kichwani, mlinzi akamwita mkewe Rosa, mama akaja na bastola jamaa akarudi selini. Huyo alijaribu kutoroka, basi. Aliyetoroka kweli ni jambazi mwingine, Billy the Kid, mwezi uliofuata kule Lincoln, New Mexico, kaua walinzi wawili kapanda farasi kaenda zake.

Kunyonga sasa. Neno hili tumelizoea kwenye hukumu, "kunyongwa hadi kufa", kwahiyo ukiliacha peke yake linakuja na jaji wake. Na Parrott alikuwa na hukumu hiyohiyo, msomaji si ataona imetekelezwa mapema tu? Kumbe usiku ule watu wenye silaha waliingia jela wakamtoa, wakamtia kitanzi kwenye nguzo ya telegrafu. Hayo ni mauaji, we andika walimuua, kitanzi kifuate baadae.

Halafu hao "wananchi wenye hasira kali" mi siwapendi kabisa. Kibaka akichomwa moto Dar au Nairobi tunawaandika haohao, hawana sura wala idadi, na hasira ndo inabeba kosa lote kama vile ni mvua imenyesha. Mwananchi ni neno la heshima jamani, aliyekuwa anachomwa naye alikuwa mwananchi. Sema kundi la watu, na kama unajua walikuwa wangapi au walibeba nini, taja.

Mimi ningeiandika hivi: "Parrott alijaribu kutoroka jela ya Rawlins akashindwa, kundi la watu wenye silaha likamtoa selini likamuua kwa kumtundika kwenye nguzo ya telegrafu, siku chache kabla ya tarehe ya kutekelezwa hukumu yake."