Kitufe cha "Toka" kisichomtoa mtu

Swali: Nimetengeneza mfumo wa ofisi kwa PHP, na kompyuta moja hutumiwa na makarani wawili kwa zamu. Kitufe cha "Toka" huita sessionStorage.clear() kisha humrudisha mtumiaji kwenye ukurasa wa kuingia. Hata hivyo, karani wa pili akifungua kichupo kipya huikuta akaunti ya mwenzake iko wazi. Nimekosea wapi?

Jibu: Amri hiyo imefanya kazi yake barabara, ila umeitwika kazi isiyo yake. Hifadhi ya sessionStorage ni ya kichupo kimoja tu, wala haina udugu wowote na sesheni ya PHP, yaani kumbukumbu ya mtumiaji aliyeingia, ambayo data zake hukaa kwenye seva na hutambuliwa kwa kidakuzi (cookie, kipande kidogo cha data ambacho kivinjari hukituma kwa seva pamoja na maombi yake) ambacho kwa kawaida huitwa PHPSESSID. Kidakuzi hicho kimebaki, seva haijaambiwa lolote, na kwa hesabu zake karani wa kwanza bado yuko kazini.

Kielekeze kitufe kwenye faili la PHP kwa ombi la POST. Humo anza na session_start(), ifanye $_SESSION kuwa safu tupu, futa kidakuzi kwa setcookie() yenye muda uliokwisha pita, kisha ita session_destroy(), ambayo peke yake haigusi kidakuzi. Njia na domeni ziwe zilezile kilizowekewa kidakuzi, la sivyo kivinjari kitakiacha kama kilivyo.

Kinachonikera ni mafundi wa njia ya mkato wanaomshauri mwanagenzi afute kidakuzi hicho kwa JavaScript na, akishindwa kwa kuwa kina alama ya HttpOnly, aiondoe alama yenyewe! Alama hiyo ndiyo inayozuia msimbo hasidi uliopenyezwa kwenye ukurasa usikisome kidakuzi. Kuiondoa ili kitufe kionekane kinafanya kazi ni kung'oa mlango kwa sababu bawaba inalia. Tena, hata kidakuzi kikifutwa kwa namna hiyo, sesheni hubaki hai kwenye seva, na aliyekwisha nakili namba yake ataendelea kuingia. Wanaoweka tokeni (msimbo wa kumtambulisha aliyeingia) kwenye localStorage, hifadhi ya kivinjari inayodumu hata kichupo kikifungwa, wamo katika shimo hilohilo, kwani tokeni iliyofutwa kwenye kivinjari bado hukubaliwa hadi muda wake uishe, isipokuwa seva iwe na utaratibu wa kuibatilisha.

Ukimaliza marekebisho, nakili thamani ya PHPSESSID kabla ya kubonyeza "Toka", kisha irudishe kwa mkono kupitia zana za msanidi za kivinjari na upakie ukurasa upya. Akaunti ikifunguka, bado hujamtoa mtu.