Kazi gani inamvumilia mtoto mdogo?

SWALI: Shikamoo mama. Nina watoto wawili, mkubwa ameanza shule, mdogo ana miaka 3 na nashinda naye nyumbani. Mshahara wa mume wangu hautoshi, kila mwezi unaisha tuna madeni. Nina cherehani niliyoachiwa na mama yangu, na kushona najua. Kuna mtu pia anatafuta wachapaji wa kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika. Na rafiki yangu ananisihi nijiunge na kikundi chao: unalipa kiingilio, unaleta watu 6, kila mmoja wao analeta 6, nawe unapata kamisheni. Nishike lipi? – Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na la rafiki yako, maana hilo ndilo litakalokuumiza mapema. Watu 6 wakileta 6 kila mmoja ni 36, halafu 216, halafu 1,296. Endelea hivyo hivyo na utaona ngazi ya 13 peke yake inadai watu zaidi ya bilioni 13. Dunia nzima haina watu hao. Hela ya walio juu inatoka mfukoni mwa walio chini, na walio chini ndio wengi siku zote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba watakaokaa chini yako hawatakuwa wageni. Watakuwa dada zako, majirani zako, mama wenzako mnaokutana mkipeleka watoto shule. Mkatalie rafiki yako kwa upole. Huenda kiingilio chake mwenyewe bado hakijarudi, ndiyo maana anakusihi hivyo.

Na yeyote anayekudai ada ya usajili, hela ya mafunzo au amana kabla hujafanya kazi yoyote, achana naye. Wapo pia wanaokulipa vihela siku za mwanzo kwa kutazama video na kubonyeza tu, ukishawaamini wanataka uweke pesa yako ili upewe kazi kubwa zaidi. Ni watu wale wale.

Uchapaji ni kazi ya kweli. Ila ujue kwamba saa moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa vizuri humla mchapaji mzoefu takriban saa 4, na wazungumzaji wakidakizana au pakiwa na kelele, zaidi. Ukiambiwa malipo ni kwa saa, uliza: saa ya sauti, au saa nitakayokaa mimi kwenye kompyuta? Wengi hawaulizi wakaja kulia baadaye. Halafu kazi hiyo inataka kimya, na mtoto wa miaka 3 kimya chake ni usingizi tu. Chukua vipande vifupi vya dakika 10 au 15 kama vipo. Mahojiano marefu yaache mpaka mdogo naye aanze shule, la sivyo utakuwa unakesha na mchana huna uvumilivu naye.

Sasa cherehani. Mimi nimelea wanangu kwa kurekebisha nguo za watu, kwa hiyo hapa nasema ninachokijua. Sikushauri uanze na magauni. Gauni lina vipimo vingi, kukata, kumjaribisha mteja mara mbili tatu, na siku ya shughuli ikifika hakuna cha mtoto kuumwa. Anza na marekebisho: kupinda suruali, kubadilisha zipu, kupunguza kiuno, kurudishia vifungo.

Chukua suruali ya kupinda. Kama ni ya pamba na haijawahi kufuliwa, ifuliwe kwanza, maana ikifuliwa baadaye itasinyaa, na mteja ataona umemkatia fupi. Avae viatu atakavyoivalia, asimame wima, asiiname kukutazama unapoweka alama ya chaki. Pima miguu yote miwili, usidhani iko sawa. Kisha unafumua pindo la zamani. Mtoto akilia, unaiweka chini unakwenda. Unapiga pasi mkunjo mpya. Akitaka maji, unazima pasi unakwenda. Ukirudi suruali iko pale pale, haijaharibika. Kazi ya mzazi mwenye mtoto mdogo mimi naipima hapo kwanza, kama inakatika na kuunganika bila hasara. Malipo nayaangalia baada ya hapo.

Pini lakini zinanitisha hata leo. Zihesabu kabla ya kuanza na ukimaliza, na uwe na sumaku ya kupitisha sakafuni kila unapofunga kazi. Waya wa pasi usining'inie.

Bei usiipange kwa kuchungulia fundi mwingine anatoza ngapi. Tuseme umelipwa 100 kubadilisha zipu, kwa sarafu yoyote unayotumia. Zipu na uzi 30, umeme 5, imebaki 65. Kufumua na kushona saa moja, kwenda kununua zipu na kumsubiri mteja nusu saa nyingine. Saa yako imelipwa 43 hivi. Andika kila nguo na dakika zake kwenye daftari kwa mwezi mmoja, utajua ipi inakulipa na ipi inakunyonya. Daftari langu lilinionyesha kwamba jaketi lenye bitana linakula muda wa suruali tatu, nami nikalipandishia bei bila woga. Ndugu wataleta nguo za bure, hilo litegemee. Mpe kila mmoja bei ile ile. Ukitaka kumsaidia mtu, msaidie kwa hiari yako, siyo kwa sababu amekuvizia mlangoni.

Duka au kiwanda kikija kukuletea vipande vya kushona kwa malipo ya kila kipande, kubaliana kwa maandishi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 177 mwaka 1996 kwa ajili ya watu kama wewe, kwamba anayefanyia kazi nyumbani kwake atendewe sawa na waajiriwa wengine katika malipo na usalama. Ulizia ofisi ya kazi kama nchi yako imeuridhia.

SWALI: Mimi ni baba, nalea peke yangu. Jioni nafundisha hesabu watoto wa majirani mezani kwetu, mwanangu akiwemo. Wazazi wanalipa wanapojisikia. Nifanyeje? – Baba Mlezi

JIBU: Andika karatasi moja: siku, saa, kiasi, na nini kinafuata mtoto asipokuja. Mpe kila mzazi nakala, na utaratibu uanze mwezi ujao ili pasiwe na aliyeshtukizwa. Malipo yapokee mwanzo wa mwezi. Wasizidi watoto 4 kwa zamu, wa darasa moja, la sivyo utakuwa unawalinda tu badala ya kuwafundisha. Anayedaiwa mpigie simu mwenyewe. Usimtume mtoto wake, maana atakaa mezani na aibu isiyo yake na hesabu hazitaingia.