Kabla ya kuvuruga uso, amua usichokigusa

Msomaji mmoja wa Kayole ameniandikia kwamba jamaa zake wanamcheka. Anachora nyuso zenye jicho shavuni na mdomo uliopinda hadi sikioni, nao wanasema hajui kuchora. Ndugu yangu, najua maneno hayo yanavyochoma.

Mimi nilianza kwa penseli, nikinakili picha za simu hadi mtu afanane kabisa. Kazi ilikuwepo, za harusi na za matanga. Kisha nikaona kolaji za Wangechi Mutu, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1972: wanawake aliowaunda kwa vipande vya magazeti juu ya michoro ya vitabu vya zamani vya tiba. Sikuweza tena kurudi kwenye kufananisha tu. Nikamchora shangazi yangu, muuza mboga, taya ya kijani, paji la uso limevutwa upande mmoja. Mwenye jumba moja la sanaa aliitupia jicho picha hiyo akaniuliza kama nimewahi kufundishwa na mtu. Swali hilo bado ninalo moyoni. Mwezi uliopita picha hiyohiyo ilinunuliwa, na mnunuzi akasema anamwona mama yake mle ndani.

Alimwona kwa sababu macho ya shangazi sikuyagusa. Ule uchovu wa kuamka alfajiri kwenda soko la Wakulima niliuacha ulivyo. Kwa hiyo kabla hujavuruga chochote, chagua kitakachobaki: macho, au namna mtu anavyoinamisha shingo. Ukivuruga vyote, mtazamaji hana pa kushika.

Jaribu pia alivyofanya mchoraji Francis Bacon, aliyepaka rangi upande wa turubai, kitambaa cha kuchorea, ambao haujapakwa rangi ya kwanza ya kuziba uzi. Rangi huzama, kufuta ni vigumu, na mkono unalazimika kuamua.

Na anayekwambia huu ni uzungu, mwambie mchoraji Picasso alitikiswa na vinyago vya Afrika alivyoviona Paris mwaka 1907. Babu zetu walishajua kwamba uso una mengi kuliko ngozi. Basi usiombe ruhusa! Chora kila siku, hata kwa mkaa kwenye karatasi ya kaki. Anza na mtu unayemfahamu hata gizani kwa kikohozi chake. Mchore kwanza afanane, kisha mchore tena bila kutazama picha. Kile mkono wako utakachokikumbuka wenyewe, hicho usikiguse.