Kabati la Tibet lenye picha za mafuvu: usilichome wala usilioshe

Ndugu muulizaji, umeandika kwamba umerithi kabati dogo la Tibet ambalo milango yake imechorwa mafuvu na ngozi za watu zilizoning'inizwa, na kwamba jamaa wanakusihi ulichome moto, au angalau ulisugue kwa maji ya sabuni. Tafadhali usifanye lolote kati ya hayo.

Kwa maelezo yako, linafanana sana na torgamu, kabati lililokaa katika chumba cha miungu walinzi ndani ya monasteri, ambamo watawa walihifadhi torma, yaani mikate ya ibada inayofinyangwa kwa unga wa shayiri na siagi. Picha hizo ni sadaka kwa walinzi wakali kama Mahakala, na maana yake ni kuushinda ubinafsi na ujinga, wala si kumdhuru mtu. Makasha mengine huchorwa mambo ya upole zaidi: fundo lisilo na mwisho, samaki wawili wa dhahabu, au tembo aliyebeba nyani, sungura na ndege, mmoja juu ya mwingine, alama ya kuishi kwa mapatano.

Maji ndiyo hatari kubwa, kwa sababu rangi za zamani, kama kijani cha jiwe la malakaiti, zilichanganywa na gundi ya ngozi ya mnyama, ambayo hulainika ikiloa. Pangusa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, pale tu ambapo rangi haijaanza kubanduka. Weusi ulioganda pembeni mwa milango huenda ni masizi ya taa za siagi. Mimi ningeuacha, kwa kuwa ni sehemu ya maisha ya kabati lenyewe. Liweke mbali na jua.