Kubomoa nyumba ya papa (baba) na kujenga upya hapa Goma: anzieni chini

Ndugu yangu, umesema nyumba ya mbao aliyowaachia marehemu papa yenu imeoza, muko watoto watano, mama angali anaishi mule, na munataka mwezi wa 6 mubomoe musimamishe ya mabloki yenye etaje (ghorofa). Unauliza plani (mchoro) gani inafaa na pesa ngapi. Nitakujibu na yale tulipitia sisi wenyewe kwetu mtaa wa Murara tulipobomoa 2019, na jibu la kwanza njo hili: hiyo plani iweke pembeni kwanza. Sisi tulianza na plani, tukalipa mtu achore vyumba na salo (sebule) kubwa na varanda, tukaibandika hadi ukutani mama awe anaiangalia, kumbe hatujajua parseli (kiwanja) imeandikwa namna gani wala hatujajua chini ya sakafu kuna nini. Karibu robo ya pesa yetu ilimalizikia chini ya udongo kabla hata ya bloki moja kusimama.

Karatasi kwanza. Sheria yetu ya ardhi ya Kongo ya 1973 inasema udongo ni wa serikali, wewe unapewa konsesioni (haki ya kuutumia), na karatasi yenye nguvu ni sertifika (hati) inayotoka kwa konservateri wa ardhi, yule afisa anayeandikisha viwanja. Watu wengi hapa wako na fishi ya parseli (kikaratasi cha kiwanja) na karatasi ya kununua tu, papa yetu pia alikuwa hivyo, na miaka yote hatukuona shida sababu hakuna aliyekuja kutusumbua. Shida ilitokea siku ya kupima. Unakumbuka tarehe 17 Januari 2002 lava (uji wa moto) ya volkano yetu Nyiragongo ilivyopita katikati ya mji mpaka ziwani, kwetu ilifunika kila kitu, pamoja na mawe ya mpaka. Watu waliporudi kila mtu alipima kwa kukumbuka, hapa palikuwa na mti wa avoka, hapa palikuwa na mlango wa jikoni ya fulani, na wakajenga mbao juu ya lava kabla haijapoa vizuri. Sasa sisi 2019 tunapimisha, tunakuta ukuta wa jirani umeingia kwetu karibu metre moja na nusu, naye amekaa pale toka 2003 akijua ni pake, na plani yetu nzuri ilikuwa imehesabu hiyo metre. Tulizungumza miezi nane, na wazee wa avenyu, bila kwenda tribinali, mwishoni tukasogeza jikoni yetu yeye akabaki na ukuta wake na tukaandikishana. Si haba, tunasalimiana mpaka leo. Lakini plani ilibidi ichorwe upya na kulipiwa upya.

Halafu ndugu zako. Hapa nakuomba usome polepole. Wewe unaandika "tumekubaliana" lakini pia umesema mkubwa wenu yuko Kisangani na mumeongea naye kwa simu. Sisi pia tulikuwa na yaya (mkubwa) wetu mbali, tulimpigia, akasema sawa, tukaanza. Fondasio (msingi) imefika kwenye magoti akatuma mtu na barua kwamba kazi isimame, kwamba hakuna siku alikubali nyumba ya papa ivunjwe, alidhani tunarekebisha tu. Nilimkasirikia sana wakati ule. Leo nasema alikuwa na haki, hatukumuonyesha kitu chochote kwa maandishi, na pale kwenye ile parseli njo alizaliwa. Kodi ya familia ya 1987, yaani sheria ya familia, iko wazi, watoto wote ni warithi, wasichana sawa na wavulana, na hata mtoto papa aliyemzaa nje akamtambua, na mjane ana haki ya kuendelea kukaa kwenye nyumba aliyoishi na mume wake. Kwa hiyo fanyeni kikao cha familia, muandike prose-verbali (maandishi ya kikao), kila mtu aweke sinyatire (sahihi) yake, na muandike mambo matatu yale watu wanaonaga haya kuandika: nani anatoa pesa kiasi gani, je hiyo pesa ni zawadi kwa familia ao ni deni, na mama atakaa chumba gani mpaka mwisho wa maisha yake. Yule anayenunua simenti haiko yeye mwenye nyumba. Mukiacha hilo bila kuandika, siku mama hayuko tena mutaenda kuulizana mbele ya juji.

Na mama mwenyewe mumemuuliza? Sisi tulimhamisha, tukamkodishia vyumba viwili mtaa wa Katindo, tukalipa garanti ya miezi na loyeri (pesa ya kupanga) kwa dola, tukadhani ni miezi mitano. Ilikuwa mwaka na zaidi. Hakuwa na jirani wa kuongea naye, hakuwa na mahali pa kuanika sombe (majani ya muhogo) yake, tensio (presha) ikapanda, kila Jumapili anaomba tumpeleke tu aketi kwenye mawe ya parseli aangalie bafundi. Ningekuwa narudia, ningebomoa nusu ya mbele tu na kumwachia vyumba viwili vya nyuma vya mbao na mlango wake na jiko lake mpaka mbele imalizike. Kazi inachelewa kidogo ndiyo, lakini mzazi anabaki kwake na ile pesa ya loyeri inaingia kwenye simenti. Kwa yote nilioandika hapa hili njo linaniuma zaidi.

Sasa udongo, ama niseme mawe, sababu kwetu udongo hakuna. Watu wanasema Goma fondasio ni rahisi sababu uko juu ya jiwe. Inategemea jiwe gani. Lava inapopoa juu inakuwa ngumu na chini yake inaweza kubaki tupu, uko unatembea juu ya ganda. Fundi wetu wa pili (wa kwanza tulimwachisha, nitasema) alichukua baramini (mtaimbo) akagonga parseli nzima hatua kwa hatua anasikiliza, na kwenye kona ya salo ikalia kama ngoma. Tukavunja, tukakuta tundu mtu mzima anaweza kuinama ndani, na pale njo plani ilikuwa imeweka nguzo kubwa. Pembeni kidogo tukakuta shimo la choo cha zamani, cha kabla ya 2002, limezikwa na lava bila mtu kukumbuka. Kujaza vile viwili kwa mawe na beto (zege) ilikula simenti niliyokuwa nimehesabu kwa kuta za chumba kizima. Kwa hiyo kabla ya kuchora kitu, lipa watu wawili wenye baramini na nyundo kubwa siku chache, muvunje mashimo kwenye kona zote na katikati, ni pesa kidogo. Na muhesabu shimo jipya la choo peke yake: kwetu watu wawili walilipasua wiki saba.

Kitu kingine, kama mtu atakushauri kave, chumba cha chini ya ardhi, eti ya kuweka vitu, kataa. Mazuku munaijua, ile hewa mbaya inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida inajaa mahali pa chini, haina rangi, na inaua mtu kimya. Kwa upande wa Himbi na Keshero kwenda Sake watu wanaijua vizuri zaidi. Hapana kulaza mtu chini ya usawa wa ardhi Goma.

Kuhusu bafundi nitasema kidogo tu. Wa kwanza tulimwachisha sababu ya simenti. Beto ya nguzo na ya shenaji (mkanda wa beto na vyuma unaofunga kuta) inatakiwa kilo 350 kwa metre kibu moja, yaani mifuko 7 ya kilo 50, yeye alikuwa anaweka 5 na mayi mengi ipate kumiminika haraka. Mtu wa familia akae pale ahesabu mifuko, kila siku, hapana kupita jioni na kuuliza habari. Shenaji muweke ya chini na ya juu, zunguke nyumba yote, na vyuma viingiliane kwenye kona. Lava ya tarehe 22 Mei 2021 haikufika kwetu, lakini zile siku za mitetemeko baada yake unazijua, mji mzima nyufa, sisi tumekimbilia Sake na godoro moja. Tuliporudi nyumba kubwa ilikuwa na ufa mwembamba kwenye plasta tu. Jikoni, ile tuliyoisogeza na kuijenga haraka bila shenaji ya juu, kona yake ilifunguka mkono unaingia.

Njo maana kuhusu etaje mi nasema hapana, si sasa. Kwa pesa ya watoto watano wanaochanga mwezi kwa mwezi, jenga chini imara, manjanja (mabati) nzito, na upige rangi mapema sababu mvua ya huku ikichanganyika na moshi wa volkano inakula manjanja haraka kuliko pengine. Mbao za papa musiuze zote. Zile ngumu tulizipangusa tukazipaka mafuta machafu ya gari, zikawa stoo ya makala nyuma na mlango wa choo, na mbili mama alizitaka akatengenezewa benchi, njo anakalia asubuhi.

Mwezi wa 6 ni muzuri kwa mvua, hapo umepiga hesabu vizuri. Lakini kama leo hamuna prose-verbali, hamuna vipimo vya kadasta (ofisi ya kupima viwanja), na otorizasio (ruhusa) ya kujenga haijaombwa, huo mwezi wa 6 utumieni kwa baramini na karatasi, na mubomoe mwaka kesho. Mama bado yuko kwenye nyumba, manjanja zinavuja lakini zinasimama, zibeni matundu mungoje. Ukishapata vipimo niandikie hapa ukubwa wa parseli na uniambie kwenye kona mumekuta nini, tuangalie pamoja vyumba vingapi vinaweza kuingia.