Maswali yenu: Tupunguze giza, ao tubaki na Neema peke yake?

SWALI: Yaya, jambo. Sisi ni vijana sita wa hapa Goma, kartye Himbi, tunatengeneza mchezo wa kusikiliza tu, hadithi ya sayansi ya kubuni, inapita mwaka 2071. Neema ni fundi kwenye kituo cha kutoa gazi chini ya ziwa Kivu. Kaka yake alishakufa, lakini mashine ya kituo inasema na sauti ya huyo kaka, walimufundisha na zile sauti alikuwa anatuma kwa WhatsApp. Epizodi ya kwanza iko na dakika 48, kuna roboti, kuna mlipuko, watu wanne wanakufa. Tulituma kwa watu, wengi wanaachia katikati, wanasema giza ni mingi mno, wengine wanasema hawajue nani anaongea. Sasa tupunguze giza? Na tutarekodia wapi, juu studio zinaomba franga hatuna? Tena, mwisho Neema afe ao hapana? (Kikundi cha Himbi)

JIBU: Wadogo zangu, jambo sana. Nilisikiliza hiyo epizodi mara mbili, mara ya pili usiku, taa nimezima, na nawaambia moja kwa moja: giza si mingi, watu ndio wengi. Nimehesabu sauti saba kabla ya dakika ya kumi. Kwenye sinema mtu ana sura, ana shati, unamukumbuka, lakini kwa masikio tu msikilizaji anashika sauti mbili, tatu, ya nne inamuponyoka na akishapotea harudi, anafungua kitu kingine. Hao wanne wanaokufa sikulia hata mmoja, sikuwajua.

Sasa kuna pahali, dakika ya 31, Neema yuko peke yake usiku na mashine inamuuliza "umekula?" vile kaka yake alikuwa anamuuliza, naye anajibu "bado" halafu ananyamaza. Pale roho yangu ilishikwa kabisa, nikarudisha nyuma nisikie tena. Hadithi yenu ni hiyo, ingine yote mnaweza kutupa. Neema, sauti, na ziwa. Labda mukubwa mmoja wa kazi anayepiga simu kutoka juu, basi.

Mimi ningefanya hivi. Usiku mmoja namba za presha zinapanda, Neema anaziona na macho yake, lakini sauti ya kaka inamuambia "hakuna kitu, lala." Yeye ni fundi, anajua namba haziko sawa. Lakini akipiga simu juu watazima mashine yote kwa ukaguzi, na ikizimwa ile sauti inafutika. Sasa anachagua nini? Anasema atangoja dakika kumi tu, halafu kumi zingine, na msikilizaji naye anajikuta anataka angoje, juu naye amezoea kumusikia huyo kaka, na anajua juu ya maji kuna mji mzima umelala. Hilo ndilo giza, linatoka kwa upendo wa huyo dada, hamna haja ya roboti na mlipuko.

Na kaka alikufaje? Hamukusema popote, na ndicho kitu cha kwanza nilitaka kujua. Hapa kwetu tuna mazuku, kila mtu wa Goma na Sake anaijua: ile gazi ya CO2 inayotoka udongoni, ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, kwa hiyo inalala mashimoni, haina harufu, haina rangi, mbuzi anashuka kunywa maji hapandi tena, mtoto anafikiwa kabla ya mtu mzima sababu ni mfupi. Kaka aliinama kuokota kitu, basi. Na dada yake ni fundi wa gazi! Mukiweka hiyo sentensi moja, katikati ya maneno mengine, bila muziki wa huzuni, kila kitu kitakaa pahali pake.

Sayansi yenu mingine ni nzuri lakini mumeimwaga yote kama darasa. Ziwa Kivu liko na CO2 kama kilomita za ujazo 300 na metani kama 60, imeshikwa chini na uzito wa maji, hiyo ni kweli, na ziwa Nyos la Kameruni, gazi yake ya CO2 ilipotoka kwa ghafla, liliua watu kama 1,700 tarehe 21 Agosti 1986, wengi wakiwa usingizini, na lenyewe ni dogo sana mbele ya Kivu. Lakini Neema anakaa na hizo namba kila siku, hawezi kumuelezea mtu. Aseme moja tu, na aiseme akiogopa. Ile ingine ya kusema kwamba chini ya mita kama 60 maji hayana oksijeni na samaki hawashuki, hiyo muitumie kama ukimya: huko chini hamna kiumbe wa kupita, kwa hiyo Neema akisikia kitu kinagonga, msikilizaji anajua haiwezi kuwa samaki. Tena sauti inatembea mbio ndani ya maji, mara nne hivi zaidi ya hewani, na sikio la mtu ndani ya maji linashindwa kujua inatoka upande gani. Akiwa ndani ya nguo ya kuzamia aulize "uko wapi?" na mashine ijibu "niko hapa," na asijue hapa ni wapi. Mimi naandika hivi tu na tayari naogopa.

Studio. Achaneni nayo. Gari lililosimama, vioo vimefungwa, ni chumba kizuri sana cha sauti, na kama hamna gari, magodoro mawili yamesimamishwa pembeni, mablanketi juu, mutu anaingia ndani na telefone. Murekodi saa nane, saa tisa ya usiku, jenereta za jirani zimezimwa, na mvua ikianza kupiga mabati muache, hamutaiondoa. Hatua za Neema akiwa nje mzirekodi kwenye mawe ya volkano, kila parsele ya Goma iko nayo, ile krash-krash haiko kwa mji mwingine ninaoujua. Halafu mkate mpaka dakika 20. Kwa sauti ya mono (njia moja tu), kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama megabaiti 10, mtu anaipakua na mega za siku bila kulia.

Kuna kitu kimoja nawaomba kabisa. Mwisho wa epizodi mumeweka tangazo la redio, king'ora, mtu anaambia watu wa Goma wahame. Muondoe. Tarehe 30 Oktoba 1938 muigizaji Orson Welles alifanya mchezo wa redio Marekani kwa namna ya habari, eti viumbe wa sayari Mars wamevamia, kuna waliosadiki wakaogopa kweli, na Quito, kule Ekwado, Februari 1949, mchezo wa namna hiyohiyo uliwakasirisha watu walipojua ni uongo, wakachoma jengo la redio na wengine wakafia ndani. Sisi hapa tulikimbia kweli volkano Nyiragongo, 2002, na tena Mei 2021, siku chache baada ya moto kushuka tukaambiwa tutoke na tukajaa barabara ya Sake na magodoro kichwani. Kipande cha dakika moja kikikatwa na kutumwa kwenye grupu ya WhatsApp bila jina la mchezo, mama fulani wa kartye Majengo atabeba watoto usiku. Acheni alama ya hatari ibaki ndani ya kituo, taa nyekundu na mlio mdogo ambao ni Neema tu anausikia.

Na kufa? Hapana, asife. Mumuache na simu mkononi, inaita kule juu, mukubwa anapokea, "alo, Neema?", na nyuma yake kaka anamuuliza kama amekula. Mukate hapo.