Kwa wawakilishi wapya wa tawi la chama cha wafanyakazi: hesabuni siku

Nimeletewa tena faili ambalo muda wake umeshapita. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tunalisema kila semina.

1. TUF 6, ile fomu ya mfanyakazi kuruhusu akatwe ada ya chama, isiyo na saini au tarehe msiipeleke. Wakili wa kampuni habishani na haki yenu ya kujadiliana, anabishana na orodha ya wanachama. Atawaondoa mameneja, waliohama na waliosaini mara mbili, mpaka mshuke chini ya nusu ya wafanyakazi. Bila wingi, mkataba wa hali bora, ule wa pamoja kati ya chama na mwajiri, msahau.

2. Siku 30 za kupeleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mgogoro wa kuachishwa kazi. Hapa nitakaa kidogo. Katibu wa tawi letu, dada aliyekuwa akikusanya fomu zamu ya usiku, aliachishwa kwa jina la kupunguza wafanyakazi, muda mfupi baada ya sisi kuomba chama kitambuliwe. Afisa utumishi akatuita, akatuagizia chai, akasema tusikimbilie CMA, mambo ya nyumbani yanamalizwa nyumbani. Tukakubali. Mara kikao kimeahirishwa, mara bosi kasafiri, mara barua inachapwa. Tunajaza F1, fomu ya kufungua mgogoro, siku zimeisha. Kwenye usuluhishi wakili wao hakugusa kabisa sababu za kumwachisha. Alisimama na pingamizi la awali kuhusu muda, akakaa. Tukaomba kuongezewa muda kwa fomu ya F2, tukazieleza zile ahadi zote, lakini hatukuwa na hata karatasi moja ya kuzithibitisha. Ombi likatupwa. Dada akauliza ni lini sasa ataelezea alivyofukuzwa. Sote tukanyamaza. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi siku! Chai kunyweni, ila F1 iwe imeshaingia masijala.

3. Nakala ya F1 ya mwajiri igongwe mhuri wa kupokelewa mkiwa mmesimama palepale.

4. Mkishinda CMA, kampuni ina siku 42 za kuomba marejeo, yaani uamuzi upitiwe upya, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Wengine huenda huko bila hoja yoyote, wanajua asiye na mshahara huchoka mapema. Maombi hayo peke yake hayazuii tuzo, yaani uamuzi wa CMA. Kama hakuna amri ya kusimamisha utekelezaji, ombeni kukazia tuzo, yaani itekelezwe, msikae mkisubiri. Na mwenzenu msimwache peke yake. Hati ya suluhu yenye malipo kiduchu humfikia wiki ileile anayodaiwa kodi ya nyumba. Kabla hajasaini, isomeni naye.